Pima volti kabla ya kulaumu programu: kwa anayeanza kuunda vifaa Kisumu

Mtu anayeingia kwenye mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha kifaa, akitokea kwenye kompyuta huja na tabia moja: kifaa kikigoma, anafungua programu na kuanza kubadilisha mistari. Kazi hii haiendi hivyo. Hitilafu nyingi za miezi ya mwanzo ziko kwenye kebo, waya, betri na unyevu. Programu, hasa ikiwa huria, ndiyo sehemu inayojieleza yenyewe ukiwa na subira ya kuisoma.

Tuchukue kifaa kimoja tu: kipimo cha maji kwenye tangi la plastiki la lita 1,000, juu ya nyumba ya Manyatta au Mamboleo, kinachotumia ESP32, bodi ndogo ya mikrokontrola yenye WiFi, na kutuma kiwango cha maji kila robo saa. Ni kazi ndogo, lakini ina karibu kila kosa ambalo anayeanza anapaswa kulipitia.

Laptopu ya mitumba yenye RAM ya gigabaiti 4 na mfumo wa Debian, aina ya Linux, inatosha. Mtego wa kwanza ni kebo ya USB. Nyingi za barabarani zina waya mbili za chaji tu. Zile mbili za data hazimo. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sudo dmesg -w, kisha chomeka bodi. Hakuna mstari mpya? Badilisha kebo, usiguse kitu kingine. Ukiona ch341 (kiendeshi cha chipu ya USB ya bodi) na ttyUSB0 (jina la bandari yake), mambo yameanza vizuri. Kwenye Ubuntu 22.04, Linux nyingine, kuna kituko: bandari huonekana kisha inatoweka papo hapo. Soma mistari hiyo polepole na utaliona jina brltty. Ni programu ya wasioona wanaotumia vifaa vya Breli, na huidhania chipu ya USB ya bodi, CH340, yenye nambari 1a86:7523, kuwa kifaa chake. Kama mashine haina mtumiaji wa Breli, sudo apt remove brltty inamaliza maneno.

Kikija kilio cha kukosa ruhusa, andika sudo usermod -aG dialout $USER ili uingie kikundi kinachoruhusiwa kutumia bandari, utoke kwenye akaunti na kuingia tena. Ile herufi a si pambo. Ukiisahau, mfumo unakutoa kwenye vikundi vingine vyote, sudo kikiwemo, na utakuwa umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Vifaa vya programu vinakula bando. Vipakue ukiwa chuoni, Maseno au Egerton, au popote penye mtandao wa maana. Ukichukua ESP-IDF, vifaa rasmi vya kuandikia programu za ESP32, kwa git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), ongeza --depth 1 na --shallow-submodules, la sivyo utavuta historia nzima ya mradi. Mtandao ukikatika moduli ndogo zikiwa zinashuka, usifute na kuanza upya: git submodule update --init --recursive huendelea na zilizobaki. Na uandike nambari ya toleo ulilopakua. Toleo la 3.0 la maktaba za ESP32 kwa Arduino (njia rahisi zaidi ya kuandika programu za bodi), la mwaka 2024, liliondoa amri za ledcSetup na ledcAttachPin, likaweka ledcAttach. Somo la 2021 unalolinakili litakataa kukusanywa (kugeuzwa kuwa programu ya bodi), na utakesha ukitafuta koma iliyokosekana ilhali hakuna koma iliyokosekana.

Kuhusu pini, kariri machache. Pini 6 hadi 11 ni za kumbukumbu ya bodi yenyewe, usiziguse. 34 hadi 39 zinapokea tu, haziwezi kutoa, wala hazina rezista za ndani za kuvuta juu. 12 ikiwa na volti ya juu wakati wa kuwaka, bodi inaweza kuchagua volti isiyo sahihi ya kumbukumbu na ikakataa kuanza. Pini za kusoma analogi zilizo kwenye kundi la ADC2 hazitumiki WiFi ikiwa kazini. Anza na 25, 26, 27, 32 na 33. Zina matatizo machache.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo wengi hukwama wiki nzima. Bodi inawaka vizuri mezani, lakini kila inapojaribu kuingia WiFi inaandika "Brownout detector was triggered" na kuanza upya, tena na tena. Maana yake volti zimeshuka kupita kiasi. Redio inapoamka hunyonya mkondo kwa ghafla, na watengenezaji wa chipu wanapendekeza chanzo kinachoweza kutoa angalau miliampea 500. Utapima kwa multimita ya kawaida na utaona 3.3 tulivu kabisa, kwa sababu mporomoko wenyewe ni wa muda mfupi mno na multimita inakupa wastani. Kwa hiyo usiiamini multimita peke yake hapa, uamini ule ujumbe. Mtandaoni utapata mstari wa kuzima kigunduzi hicho. Huko ni kumnyamazisha mlinzi huku mwizi yumo ndani. Ujumbe utapotea, lakini volti zitaendelea kuporomoka, na bodi inaweza kuganda au kuandika takataka kwenye kumbukumbu.

Dawa ni ya mkono. Fupisha waya za umeme, tumia nene kidogo, na uachane na bredibodi (ubao wa majaribio wa kuchomeka waya bila kulehemu) mapema, kwa kuwa mashimo yake hulegea. Weka kapasita ya maikrofaradi 470, kama akiba ndogo ya umeme, kati ya 3V3 na GND (pini ya hasi), miguu ikiwa mifupi, karibu na bodi kadiri unavyoweza. Upande wenye mstari ni hasi, ukigeuza, inaweza kupasuka. Kapasita kama hizo zimo kwenye redio na televisheni zilizokufa ambazo mafundi wa Kondele wanazo chini ya meza, lakini pima kila moja, na iliyovimba kichwa itupe.

Betri nayo ina hesabu yake. Seli ya 18650 hujaa kwa volti 4.2 na muda mwingi hukaa karibu 3.7. Bodi nyingi za bei nafuu zina kirekebisha volti cha AMS1117, ambacho kinahitaji karibu volti 1.1 zaidi ya kile kinachotoa. Ukiipeleka 3.7 kwenye pini ya 5V, chipu inapata takriban 2.6, wakati inahitaji angalau 3.0. Kifaa kitafanya kazi betri ikiwa imejaa, kisha kitaanza kuyumba na utamlaumu aliyekuuzia betri. Tumia kirekebisha chenye upotevu mdogo kama AP2112K-3.3, ambacho hubeba miliampea 600. Njia nyingine ni seli moja ya LiFePO4, aina ya betri ya lithiamu yenye volti ndogo zaidi, moja kwa moja kwenye pini ya 3V3, mradi usiichaji ikiwa imeunganishwa hapo, kwa kuwa mwisho wa chaji hufika 3.65 na kikomo cha chipu ni 3.6.

Usingizi mzito wa ESP32 hula takriban maikroampea 10. Hiyo ni chipu. Bodi nzima, pamoja na taa yake nyekundu na chipu ya USB, inaweza kula miliampea 10. Piga hesabu uone: kifaa kinaamka kila dakika 15, kinakaa macho sekunde 5 kikila miliampea 100. Wastani wake ni miliampea 0.56. Ongeza 10 za bodi, na betri ya miliampea-saa 2,000 inaisha kwa siku 8. Ukitumia moduli tupu isiyo na taa, ambayo kwa usingizi inakula 0.05 tu, betri ile ile inakaribia miezi minne na nusu. Hakuna ujanja wa programu utakaokupa tofauti hiyo.

Kihisi cha kupima umbali kwa mwangwi, HC-SR04, hakifai juu ya tangi kwa kuwa mvuke utakitafuna. Chukua JSN-SR04T, ambacho kichwa chake hakipitishi maji. Ukikilisha volti 5, pini yake ya Echo, ya kurudisha jibu la mwangwi, nayo hutoa 5, na ESP32 ni ya 3.3. Weka rezista ya kilo-ohmu 1 kutoka Echo hadi pini, kisha ya kilo-ohmu 2 kutoka pini hadi GND, utapata 3.33. Huna ya 2? Funga mbili za 1 kwa mfululizo. Ukizigeuza utapata 1.67, chipu haitaitambua kuwa juu, na kihisi kitaonekana kimekufa ilhali ni kizima.

Ukiambiwa ugawe muda kwa maikrosekunde 58 ili kupata sentimita, jua namba hiyo imetokana na hewa ya nyuzijoto ishirini na kitu. Chini ya kifuniko cheusi saa nane mchana hewa ikifika 40, sauti inakimbia zaidi, na mita 1 kamili itasomeka sentimita 97. Tangi lenye kipenyo cha sentimita 110 lina takriban lita 9.5 kwa kila sentimita, kwa hiyo umeongeza lita 28 ambazo hazipo: jerikeni moja na nusu ya hewa. Mwenye nyumba hatajali jambo hilo Jumatatu; siku maji yamekatika mtaani atajali sana. Weka kipimajoto cha DS18B20 kando ya kihisi, na rezista ya kilo-ohmu 4.7 kati ya data na 3V3, kisha kokotoa kasi ya sauti kwa 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzijoto.

Maji yakiwa yanaingia, uso unatikisika na vipimo vinaruka. Chukua vipimo 7, ukiacha milisekunde 60 kati yao, uvipange, utwae cha katikati. Usitumie wastani: kipimo kimoja cha kipuuzi huuharibu wote. Na JSN-SR04T haioni kilicho ndani ya sentimita 20 hadi 25, hivyo tangi likifurika linaweza kusomeka tupu. Kwa habari ya kujaa, tegemea swichi ya boya ya kawaida. Si aibu.

Halafu kuna mabati. Ruta iko sebuleni, tangi liko juu, na kati yao kuna karatasi ya chuma nyumba nzima. Chapisha nguvu ya mawimbi kwa WiFi.RSSI(): -67 ni nzuri, -80 ni ya kubahatisha. Moduli ya WROOM-32U ina kiunganishi cha antena ya nje. Ishushe antena ukutani karibu na dirisha. Muhimu zaidi, weka kikomo: mtandao usipopatikana ndani ya sekunde 10, kifaa kilale. Bila kikomo hicho, stima ikipotea mtaani usiku mmoja na ruta ikazimika, betri yako itaamkia ikiwa tupu kwa kuitafuta.

Kisanduku kikae na tundu la kebo likitazama chini, na kebo ipinde kidogo kabla ya kuingia ili tone lidondokee nje. Kisumu kuna usubi wa ziwani, ambao hufuata mwanga na kupenya popote penye mwanya. Baada ya kundi moja, bodi iliyo wazi huwa imefunikwa. Toa taa au izibe kwa gundi, uweke mpira kwenye kifuniko. Usivute waya ndefu kutoka tangini hadi ndani ya nyumba. Eneo hili lina radi nyingi, Kisii na Kakamega zaidi, na waya ya mita 15 iliyo juu ya paa huokota msukumo hata radi ikipiga mbali. Kifaa cha betri kisicho na waya kwenda ndani kimepunguziwa sababu moja kubwa ya kufa. Mawingu yakikusanyika upande wa Nandi alasiri, shuka kwenye mnara wa tangi, kazi itakusubiri.

Siku jirani atakapotaka kununua cha pili, leseni zinaingia. ESP-IDF iko chini ya leseni huria ya Apache 2.0, kwa hiyo unaweza kuuza bila kutoa msimbo wako, ila uhifadhi matangazo ya hakimiliki. Maktaba kuu ya Arduino ina leseni ya LGPL 2.1, yenye masharti zaidi. Ukichomeka kipande cha msimbo wa GPL, leseni kali zaidi, aliyenunua kifaa ana haki ya kupata msimbo chanzo wa programu iliyomo. Sharti hilo si la kuogopwa: OpenWrt, mfumo huria wa ruta ulioanza 2004, ilitokana na msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G uliotolewa kwa sababu ulikuwa na programu za GPL. Na usijidanganye kuwa kifaa chako ni huria asilimia mia. Sehemu ya WiFi ya ESP32 hutolewa ikiwa imeshakusanywa, bila msimbo chanzo.

Mwisho, kabla ya kupanda ngazi na kisanduku, hifadhi faili ya .elf (inayotokea unapokusanya) ya programu ile ile uliyoipakia kwenye bodi, pamoja na alama yake ya git, ile inayotambulisha toleo la msimbo. Siku kifaa kitakapoanguka na kuandika "Guru Meditation Error", chini yake kutakuwa na mstari wa Backtrace wenye anwani kama 0x400d1a2c. Andika amri xtensa-esp32-elf-addr2line -pfiaC -e ikifuatiwa na faili yako ya .elf kisha anwani hiyo, nayo itakutajia faili, jina la kipande cha msimbo (function) na nambari ya mstari ulioanguka. Ukikusanya upya leo, hata kwa kubadilisha neno moja, anwani zinahama na utaelekezwa mstari usiohusika. Kwa hiyo bandika karatasi ndani ya kifuniko: tarehe, toleo la maktaba, alama ya git. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwa unyevu wa tangi.