Mama Alipomwonyesha Daktari Sikio

Daktari alipotokea kwenye simu, mama alifanya alichozoea miaka yote: akaibandika sikioni. "Mama, naona sikio lako tu," daktari akasema. Nikacheka. Mama hakucheka. Alinirudishia simu, akaniambia nimalizane nayo mwenyewe.

Ilikuwa 2020, miezi michache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, Machi 11, kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia. Mama ana presha na umri umekwenda, kwa hiyo foleni ya kliniki ilitutisha kuliko presha yenyewe. Nilidhani hofu hiyo ingetosha kumfanya aipende programu ya kumwona daktari kwa simu. Wapi! Hofu ilimfanya akubali kujisajili, basi.

Mwaka 1989 mtafiti Fred Davis alieleza kuwa watu huikubali teknolojia wakiona itawafaa na haitawasumbua. Sina ugomvi naye. Usumbufu tuliuonja: neno la siri lenye masharti kibao, namba ya uthibitisho inayoingia muda wake ukiwa umeshapita, maandishi madogo kama sisimizi. Hayo yana dawa. Msajili wewe, kuza maandishi, na siku moja kabla ya miadi mpigie simu ya video ya majaribio ili akosee kwako, asikosee kwa daktari.

Kilichonichukua muda kukigundua ni usiri. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mama jinsi taarifa zake zinavyolindwa mtandaoni. Hakuwa na habari na hayo. Aliyekuwa akimfunga mdomo ni mimi, niliyekaa pembeni nimemshikia simu. Siku moja aliniomba maji, na niliporudi nikamsikia kutoka mlangoni: alikuwa ameacha kidonge kimoja wiki mbili, kwa sababu kilimwamsha usiku kucha kwenda haja ndogo. Angelisemaje hilo mbele ya mwanawe? Daktari alimwambia akimeze asubuhi. Yakaisha.

Tangu hapo naegemeza simu kwenye rundo la vitabu, nahakikisha uso unaonekana, natoka.

Kama programu inaruhusu kuchagua, mwanzoni mchagulie daktari anayemjua. Mama alizungumza kwa uhuru na yule aliyewahi kumpima kwa mikono yake. Walipompangia mgeni, alijibu "ndiyo" na "hapana" mpaka mwisho.

Jambo jingine ni vipimo. Kabla ya kupima presha, akae ametulia dakika 5, mkono umeegemezwa usawa wa moyo. Maboksi ya dawa yawe mezani. Daktari akipata namba za kueleweka anakuwa na la kusema, na mgonjwa haoni kama amepiga soga tu.

Na usimdanganye kwamba simu inatosha kwa kila kitu. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, upande mmoja wa mwili kulegea ghafla: hospitali, hapo hapo. Nilipomwambia mama hivyo waziwazi, ndipo alipoacha kuniona kama mchuuzi wa programu.

Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19 si dharura ya kimataifa tena. Mama hakuiacha programu, ingawa kwa tatizo jipya bado anataka daktari amguse. Kwa dawa zake za kila mwezi hupiga mwenyewe, na mlango anafunga.