Sauti Inakatika, Picha Imetulia

SWALI: Nina resiva ya spika tano na sabufa, nimeiunganisha na TV kwa waya wa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC (njia ya kurudisha sauti kutoka TV hadi resiva). King'amuzi na deki vimechomekwa kwenye TV. Kila baada ya dakika chache sauti hukatika sekunde moja au mbili, kisha hurudi. Picha haitetereki, kwa hiyo waya ni mzima. Fundi anasema amplifaya ya ndani ya resiva imeungua. Ninunue nyingine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usitoe pesa bado. Amplifaya iliyoungua hairudishi sauti yenyewe baada ya sekunde mbili. Hata ile inayojikinga, kwa joto au kwa nyuzi za waya wa spika kugusana, kwa kawaida hujizima na kukaa kimya mpaka uiwashe upya. Yako inapoteza mawimbi ya kidijitali, kisha inayanasa tena.

Na hapo kwenye picha ndipo wengi wanapopotea. Vifaa vyako vimechomekwa kwenye TV, kwa hiyo picha haipiti kabisa kwenye waya unaokwenda kwenye resiva. Sauti tu ndiyo inayopita humo. Picha kutulia hakuthibitishi chochote kuhusu waya huo.

Anza na mipangilio ya sauti ya TV. Toa kwenye otomatiki, weka PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa), kisha tazama nusu saa. Ikitulia, chanzo ni muundo wa sauti kubadilika: kipindi kinakuja na Dolby Digital (sauti iliyobanwa, inayoweza kubeba chaneli nyingi), tangazo linakuja na stereo (chaneli mbili), na kila badiliko linailazimu resiva kuanza kusoma upya. Lakini usibaki hapo, maana kwa ARC PCM hupita kwa chaneli mbili tu na spika za nyuma zitakosa sauti yake halisi. Weka PCM kwenye king'amuzi chenyewe, TV irudi otomatiki. Deki, kama resiva ina tundu la HDMI la kuingizia, ichomeke huko moja kwa moja. Baadhi ya TV hupunguza 5.1 (sauti ya spika tano na sabufa) kuwa stereo kabla ya kuipitisha.

Ikiendelea kukatika hata kwenye PCM, badili waya. Chukua usiozidi mita 2, na usiukunje nyuma ya TV iliyobanwa ukutani: sauti ya ARC hutegemea pini ya 14, na kichwa kikipinda kidogo tu inakatika. Jaribu pia waya wa optiko, unaopitisha sauti kwa mwanga, ukikumbuka kuvua vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha. Optiko ikitulia, resiva yako ni nzima na Dolby Digital 5.1 inapita humo bila shida.

SWALI: Sabufa isiyo na waya hukatika jioni tu. Kwa nini?

JIBU: Nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, sawa na Wi-Fi, na jioni majirani wote wako hewani. Sogeza ruta angalau mita 1 kutoka kwenye sabufa na saundiba, uhamishie simu na TV kwenye Wi-Fi ya 5 GHz, kisha unganisha sabufa upya.