Kadi Yako ya Benki Isilale Nyumbani kwa Mtu: Maneno kwa Walimu Wapya Wenye Watoto

Jumanne iliyopita, wakati wa mapumziko ya chai, mwalimu kijana aliyeripoti kituoni kwetu mwaka juzi alinivuta pembeni, karibu na kabati la vitabu, akaniomba nimkopeshe shilingi 10,000 za bajaji hadi mshahara ujao. Ilikuwa tarehe 26, na mshahara ulikuwa umeingia siku tatu tu zilizotangulia. Nilipomuuliza kulikoni, alitabasamu kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mara nyingi, akasema, "Madamu, kadi iko kwa wale jamaa, wanatoa wao kwanza," yaani wakopeshaji wanaoshikilia kadi ya benki ya mteja. Nilimpa fedha hizo, nikarudi kwenye rundo langu la madaftari, na hadi kengele ilipolia sikuwa nimesahihisha hata moja. Nyumbani ana mtoto wa miaka miwili na mke anayetafuta ajira. Ni kijana mzuri, anafundisha vizuri, na amelitumbukia shimo lile lile nililowahi kulitumbukia mimi, kwa mguu ule ule.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi wa ajira mpya mliopangiwa huku Mbeya, hasa mlio na watoto, kabla hamjafika kwenye kabati la vitabu.

1. Someni salari slipu zenu kwa jicho lile lile mnalosahihishia mitihani. Wengi wenu mnapanga maisha kwa mshahara ulioandikwa katika barua ya ajira, ambao tangu nianze kazi sijapata kuona umemfikia mtu mkononi. Aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na Bodi ya Mikopo, PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, huchukua asilimia 5, NHIF, mfuko wa bima ya afya, huchukua asilimia 3, na hapo hatujataja kodi ya mapato wala ada ya chama. Sheria inayotaka theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki baada ya makato imewekwa iwe ukuta wa kutuzuia, lakini naona vijana mnaukimbilia kana kwamba huko ukutani kuna zawadi. Mkopo wa benki ukianza kupungua, ofisa mikopo hupiga simu kwa sauti ya upendo kukujulisha kwamba sasa unaruhusiwa kufanya topapu, yaani kuongeza mkopo juu ya mkopo, nawe unashukuru, ilhali alichokupa ni miaka mingine minne ya kuanza upya. Nina mwenzangu aliyefanya topapu kila alipopanda daraja, na leo anakaribia kustaafu akiwa na mkopo mbichi kabisa.

2. Andikeni matumizi ya siku 30 katika daftari, bila kujionea haya na bila kuruka vocha. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilitarajia kukuta vitenge, kwa sababu wale wachuuzi wanaoingia ofisi ya walimu na mali kauli wananijua kwa jina. Vitenge vilikuwepo, lakini kilichonishtua kilikuwa chipsi. Jioni mbili kwa wiki nilikuwa nikifika Kabwe saa kumi na mbili na nusu, nimechoka, mtoto analia njaa, nyumbani hakuna aliyeloweka maharage, basi ninanunua sahani tatu za shilingi 2,500, jambo ambalo kwa mwezi lilikuwa shilingi 60,000. Wakati huohuo chini ya kitanda changu kulikuwa na nusu gunia la viazi vya Isyonje vilivyoanza kuota. Mtu anaishi Mbeya, amelalia viazi, kisha anakwenda kununua viazi vilivyokaangwa na mtu mwingine!

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mzazi mfanyakazi hapotezi fedha kwa tamaa kama tunavyosemwa makanisani. Anazipoteza kwa uchovu, na hasa katika saa ile moja kati ya kushuka kwenye daladala na kuinjika sufuria. Siku hizi ninachemsha maharage ya siku nne kila Jumapili kwa jiko la mkaa, yakiwa yamelowekwa tangu Jumamosi usiku, kisha kila jioni ninayaunga kwa gesi kwa dakika kumi. Mtungi wa kilo 6 uliokuwa ukiisha kabla ya mshahara sasa unauvuka.

3. Kadi na namba ya siri. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Januari ya 2014 nilikuwa na watoto wawili, na yule wa kwanza alikuwa anaanza darasa la kwanza. Walimu wenzangu wanne walikuwa wamewapeleka watoto wao inglishi midiamu, na kila asubuhi basi la njano lilipita mbele ya nyumba niliyopanga Ilomba likiwa limejaa masweta yenye nembo. Hakuna aliyeniambia neno. Niliambiwa na basi. Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga na kurudi kila baada ya wiki mbili, na nilijua akishirikishwa atauliza swali moja tu, nalo ni fedha hizo zitatoka wapi. Kwa hiyo sikumshirikisha. Awamu ya kwanza ya ada ilikuwa shilingi 450,000, na pamoja na sare, sweta na basi nilihitaji 600,000. Mshahara ulionifikia mkononi ulikuwa kama 430,000.

Nilielekezwa kwenye chumba kimoja nyuma ya maduka, kisicho na kibao. Walinipa 600,000 ndani ya dakika ishirini, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, wakachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri, kisha nikasaini karatasi inayosema kwamba nimewauzia kwa hiari yangu friji, televisheni na makochi. Niliona neno "nimeuza" na bado nikasaini, kwa sababu basi la njano lilikuwa likianza safari Jumatatu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hadi leo linaniamsha usiku. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kidato cha tatu, kwenye mfuatano na mfululizo, ninafundisha riba inayozaa riba, ninachora na jedwali ubaoni. Hata hivyo nilitoka pale nikiamini kwamba shilingi 180,000 watakazokuwa wakikata kila mwezi zinapunguza deni. Hazikupunguza hata senti. Zilikuwa riba peke yake, na ile 600,000 ilibaki imekaa pale pale kama mama mkwe aliyekuja kwa wiki moja. Miezi saba nilikatwa jumla ya shilingi 1,260,000, na mwisho wa mwezi wa saba nilikuwa ninadaiwa 600,000.

Kila mshahara ulipoingia tulikwenda kwenye chumba kile kuchukua masalio yetu. Tulijipanga ukutani, walimu, wauguzi, mlinzi mmoja wa ofisi ya serikali, wote tukitazama viatu, na watu wawili wa shule jirani ambao tulikuwa tumesimamia nao mtihani wa kidato cha nne hawakunisalimu wala mimi sikuwasalimu. Mwezi wa tatu waliajiri karani mpya. Alikuwa mwanafunzi wangu. Alisimama aliponiona, kama walivyozoea kusimama darasani, akasema, "Shikamoo madamu," kisha akahesabu mshahara wangu kwa vidole viwili, akanisukumia 250,000 na kusema kwa upole mkubwa, "Saini hapa, madamu." Niliitikia marahaba. Sijui niliipata wapi sauti.

Ningeweza kumaliza jambo hilo mwezi wa pili, kwa kuwa wakati huo SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo, ingenikopesha kwa dhamana ya akiba yangu na wadhamini wawili. Lakini kupata wadhamini kulimaanisha kuwaambia watu wawili ofisini, na kila mwezi nilikuwa ninalipa shilingi 180,000 ili watu wawili wasijue. Mwezi wa nne nilipanga kwenda benki kuripoti kwamba kadi imepotea nipewe nyingine, na kilichonizuia hakikuwa uaminifu, bali ile karatasi ya friji, maana walishamfuata muuguzi mmoja nyumbani na mkokoteni mchana kweupe, watoto wakitazama.

Mume wangu alijua Agosti, kwa sababu ya kiberiti. Aliniambia nimtume mtoto dukani kwa Mangi, nikamwambia hatuwezi kukopa tena hapo, akauliza kiasi gani tunadaiwa, na badala ya kutaja deni la Mangi nikataja yote kwa mkupuo mmoja, nikiwa nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Hakugomba. Alinyamaza hadi asubuhi, akaenda kuiuza pikipiki yake, tukaenda pamoja kwenye kile chumba, akataka hesabu iandikwe kwenye karatasi, akalipa 600,000 mbele ya balozi wa nyumba kumi tuliyemchukua kama shahidi, akapokea kadi yangu na ile karatasi ya mauziano, akaichana pale pale mlangoni. Alipanda kosta ya kwenda Mafinga kwa mwaka mzima na nusu. Mtoto tulimrudisha shule ya serikali, akalia siku mbili, na siku ya tatu akaomba aamshwe mapema ili awahi namba kwenye mpira.

Kwa sasa sheria iko upande wenu kuliko ilivyokuwa kwangu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilileta utaratibu wa leseni, na ukomo wa riba kwa wakopeshaji wasiopokea amana ukawekwa kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo kama wangu hiyo ni shilingi 21,000, si 180,000. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Kwa hiyo mkopeshaji anayetaka kadi na namba ya siri hahitaji kuchunguzwa zaidi, mgeuzie mgongo. Aliye na kadi huko tayari asikimbilie kadi mpya kabla ya kumaliza deni. Atafute kwanza mkopo wa riba ndogo wa kulinunua deni hilo, adai hesabu kwa maandishi, na asiende peke yake.

4. Mpangilio wa kulipa. Orodhesheni madeni kwa riba yake ya mwezi, kubwa juu, na kila shilingi ya ziada iende juu. Ninajua kuna wanaoshauri kuanza na deni dogo ili mtu apate moyo, na sitagombana nao, lakini nimeona jinsi tunavyolielewa shauri hilo: tunamlipa Mangi kwanza kwa sababu tunapishana naye kila siku, tunamlipa mama wa vitenge kwa sababu ana mdomo, na yule anayetunyonya kimyakimya kwa simu anasubiri hadi mwisho. Mangi hatozi riba. Nendeni mkazungumze naye, mpatane kiasi kidogo cha kila mwezi, mkitimize bila kukosa, na daftari lake lifungwe kuanzia siku hiyo. Nilimlipa Mangi wangu shilingi 15,000 kila mwezi kwa miezi sita, na alipofuta jina langu alinipa pipi za watoto, nami nikarudi nyumbani nikilia kama mjinga.

Malimbikizo ya mshahara yakiingia, yapelekeni kwenye deni siku hiyohiyo, kabla hayajapata majina mengine.

5. Mengineyo kwa haraka, kwa sababu kipindi changu kinakaribia. Mwandikishe mwenza na watoto kwenye NHIF mapema, kwa kuwa mwanachama anaruhusiwa mwenza na wategemezi hadi 4, na bado kuna watu hapa wanalipia vipimo vya watoto kwa fedha taslimu huku wakikatwa asilimia 3 kila mwezi. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo ya umeme hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi na 350 kwa zinazozidi, kabla ya kodi na tozo, kwa hiyo birika la umeme la Julai, baridi inapotuuma, lihesabiwe. Ada, sare na madaftari ya Januari vianze kuwekewa fedha Julai, kupitia kikoba, kikundi cha kuweka akiba, kinachovunjwa Desemba, na siku ya kuvunja asiende mtu mwenye tabia ya kupitia madukani.

6. Chakula kinunuliwe kwa msimu. Hakuna sababu ya mtu anayeishi katikati ya mahindi ya Mbozi, mchele wa Kyela na Usangu na maharage ya kila mteremko kununua unga kilo moja moja dukani Februari, wakati ambapo bei imepanda na wakulima wenyewe ghala zao zinaelekea kwisha. Mahindi nunueni baada ya mavuno, Julai hadi Agosti, yakiwa yamekauka vizuri. Yahifadhiwe kwenye mifuko ya PICS, ile ya kinga njaa yenye matabaka matatu, ifungwe kila tabaka peke yake, vinginevyo dumuzi watakula kabla yenu. Mwaka wa kwanza nilifunga tabaka la nje tu nikijiona fundi, na Novemba nikafungua gunia la vumbi. Anayesema hana fedha za gunia zima kwa wakati mmoja anasema kweli, na ndiyo maana hapa kituoni tunanunua watu wanne kwa pamoja, tunapima kwa debe mbele ya wote, na usafiri tunaugawana.

Jumamosi hii ninakwenda Uyole kuchukua maharage. Kwenye gunia kuna nafasi ya mtu mmoja, na nimemwekea yule kijana wa bajaji, ambaye atalipa fungu lake kwa awamu bila riba. Mke wake ameshaniahidi kwamba atakuja naye. Wengine wanaotaka kundi la pili wanitafute kabla ya Alhamisi saa nane, nikiwa kwenye meza yangu karibu na dirisha, na waje na fedha mkononi.