Uyoga mgumu chini ya mjakaranda

Dada, umeuliza kama ukiung'oa huo uyoga na kupaka chokaa, mjakaranda wako hapo Milimani, Kisumu, utapona. Hautapona. Unachokiona ni tunda tu; mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba ambazo zimekuwa zikila mti kwa ndani, pengine kwa miaka.

Kwa maelezo yako (rafu ngumu kama ubao, juu kahawia, chini nyeupe) nashuku Ganoderma, aina ya uyoga unaoozesha mbao. Kwaruza upande wa chini kwa ukucha. Ukigeuka kahawia papo hapo, na ukikuta vumbi kama la kakao kwenye majani yaliyo chini yake, basi ndio huo au jamaa yake wa karibu. Huu hula tako la mti na mizizi, kwa hiyo mahali ulipoota pananitisha kuliko ukubwa wake. Ungekuwa kwenye tawi moja huko juu, ningekuambia kata tawi, rudi kwenye chai yako.

Na usidanganywe na majani mabichi. Maji hupanda kupitia sehemu ya nje, karibu na gome, ndiyo maana mti mtupu kama ngoma bado huchanua zambarau. Gonga shina kwa nyundo ya mbao ukilizunguka, usikilize panapolia uwazi. Kisha tazama udongo: nyufa upande mmoja, au mti kuanza kuinama majuzi, hiyo ni dharura, hasa ardhi ikishalowa mvua ya masika.

Umesema mti uko mita 4 kutoka chumba cha watoto. Mimi ningehamisha vitanda leo, kisha nimwite afisa wa misitu aukague kabla ya kumwita mtu wa pawa (msumeno wa injini).