Zawadi kwa Wahudumu wa Ndege

Swali: Je, inafaa abiria kuwapa wahudumu wa ndege zawadi ndogo, na wakati gani?

Jibu: Inafaa, mradi iwe ndogo kweli. Chokoleti au peremende zilizofungwa kiwandani ndizo bora, kwa kuwa wengi husita kula chakula kilichopikwa na mtu wasiyemfahamu, na katika viwanja vingi vimiminika vinavyozidi mililita 100 huzuiliwa kwenye ukaguzi. Mkabidhi msimamizi wao unapoingia, iwapo mlangoni hapana msongamano, ili wagawane wote. Fedha taslimu ziache. Anayetoa akitarajia kuhamishiwa daraja la juu (nao wapo!) hashukuru, anafanya biashara. Hata hivyo, barua kwa shirika, yenye namba ya safari, tarehe na jina la mhudumu, humfaa zaidi, kwani huweza kuingizwa katika kumbukumbu zake za kazi.