Poka ya nyumbani: pesa za mezani tu
Ndugu, umeuliza kanuni za poka, karata za pesa mnazocheza nyumbani: huyo jirani yenu uliyemtaja, anayechomoa noti mfukoni katikati ya mchezo, ndiye wa kutungiwa kanuni ya kwanza. Mtu acheze na kilicho mbele yake tu. Kuongeza pesa mezani ni kabla ya karata kugawiwa, na alichoshinda kisirudi mfukoni mpaka aondoke. Blaindi, yaani dau za lazima ambazo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, ziwe shilingi 500 na 1,000, na pesa za kuingia 50,000 hadi 100,000, zinatosha. Mkopo hapana, hata kwa shemeji! Atume pesa kwa simu kwanza, ndipo apewe chipu, vile vidude vya kuchezea badala ya noti. Saa ya kumaliza itangazwe mapema, la sivyo aliyeliwa atawakeshesha hadi adhana. Nawe mwenye nyumba usikate asilimia ya pesa zinazochezwa, hiyo itakuwa kasino bila leseni. Soda na muchomo, yaani nyama choma, mchangie kando.