Wazee wote wanakubali kila kauli: kipimo kina kasoro gani?

SWALI: Nahoji wazee wa miaka 60 na kuendelea vijijini Kasulu kuhusu imani zao juu ya usafi wa kinywa. Dodoso lina kauli 20, kila moja na majibu matano, kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Karibu wote wanakubali kila kitu, ila ukitazama vinywa unaona mengine. Nikokotoe alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha jinsi majibu ya kauli yanavyoendana) hivyohivyo?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapana, usikokotoe bado. Baadhi wakikubali yote na wengine wakisitasita kote, alfa itapita 0.70 na utadhani kipimo kimekaa sawa, kumbe umepima adabu kwa mgeni.

Anza na kauli zenyewe. "Kupiga mswaki kunazuia meno kuoza na fizi kutoka damu" ni mambo mawili, itenganishe. Kisha weka kauli zinazovutana: "Kusugua kila siku kunasaidia jino lising'oke" na, mbali kidogo, "Uzee ukifika meno hung'oka tu, hata uyasafishe vipi." Anayekubali zote mbili kwa nguvu, mrudie taratibu. Epuka kukanusha kwa "si" na "hapana". Huwachanganya wanaosikiliza bila kusoma.

Kauli za vikwazo, yaani yanayomzuia mtu kusafisha kinywa, ndizo zinazoandikwa vibaya zaidi. "Ni vigumu kusafisha kinywa" haimwambii mtu kitu. Uliza: "Vidole vyangu vinashindwa kushika mswaki", "Dawa ya meno ikiisha tunakaa siku nyingi bila nyingine", "Fizi zinauma nikisugua". Asiye na jino hata moja aulizwe juu ya fizi na meno ya bandia.

Majibu matano yakisomwa kwa mfululizo, la kwanza husahaulika. Gawa mara mbili: "Unakubali, hukubali, au huna hakika?" Akishachagua upande: "Sana au kidogo?"

Mkamwana akiwa ameketi pembeni, bibi hatasema dawa ya meno hainunuliwi. Omba kwa heshima mzungumze peke yenu. Wala asihoji yule aliyewafundisha kupiga mswaki.

Kwa wanaozungumza Kiha, mtu mmoja atafsiri, na mwingine ambaye hajaliona dodoso airudishe kwa Kiswahili. Jaribu kwa wazee wachache wa kijiji kingine: "Kwa maneno yako, nimekuuliza nini?"

Mwisho, usichanganye imani za aina tofauti. Modeli ya Imani za Afya, nadharia ya kueleza kwa nini mtu hujikinga na ugonjwa au hajikingi, iliyobuniwa Marekani miaka ya 1950, hutenganisha kujiona hatarini, uzito wa tatizo, faida, vikwazo na vichocheo vya kuchukua hatua. Kujiamini kwamba unaweza kutenda kuliongezwa baadaye. Kila sehemu ipate alama na alfa yake. Ukijumlisha vikwazo na faida, namba haitakuwa na maana.